Ule mstari mweusi sio tabaka, mjomba

Wiki iliyopita mjomba wangu alikuja Dar kutoka Lindi kufuata spea za mashine, akalala kwangu siku mbili. Mjomba anachimba visima vya maji, ameifanya hiyo kazi tangu mimi niko shule ya msingi. Usiku wa kwanza tumeshakula, nimefungua laptopu nimalizie kazi kidogo, akasogea nyuma yangu akasimama kimya kama dakika mbili hivi alafu akasema, "Mpwa wangu, kumbe nyie mnaona mpaka chini kabisa? Tabaka zote hizi?" Kwenye skrini kulikuwa na sekisheni ya mitetemo, picha ya chini ya ardhi tunayotumia kutafuta mafuta na gesi, ile ya mistari myeusi na myeupe iliyolala kama mikeka imepangwa mmoja juu ya mwingine. Akaweka kidole kwenye mstari mmoja mweusi, kidole chenyewe kina kovu la kubanwa na bomba, akauliza, "Hili hapa ni la mchanga au la udongo? Na lina unene gani?"

Nikacheka. Sio kwa dharau jamani, ila hilo swali la unene ndo liliniumbua mimi mwaka wangu wa kwanza kazini mbele ya watu kama kumi na tano. Nikamwambia, mjomba, hilo sio tabaka. Akaniangalia kama mtu ameambiwa ule ugali aliokula sio ugali.

Tulikaa mpaka saa sita usiku na bado sidhani kama nilimwelezea vizuri, ndo maana naandika hapa, binti yake atamsomea.

Kwanza nianze na yeye, maana yeye kwa upande huu anatushinda wote. Mjomba akichimba, kila mita moja anakinga udongo unaotoka na kuumwaga chini fungu moja, mita inayofuata fungu la pili, anavipanga hivyo kwenye mstari pembeni ya mashine, kisima cha mita 60 kina mafungu 60. Ukipita unaona kwa macho, hapa mchanga mwekundu, hapa mfinyanzi, hapa mchanga mweupe una kokoto, umelowa. Mchanga wa mita mbili kwake ni habari kubwa, anajua pa kuweka bomba lenye matundu. Kwa hiyo anapokuja mtu anamwambia sisi tunaona kilomita tatu chini bila kuchimba, anadhani tunaona mafungu yale yale, ila tu yako mbali. Hapana mjomba. Tunaona mbali ila tunaona kama mtu aliyesahau miwani.

Iko hivi. Unapiga kitu juu ya ardhi, iwe baruti kwenye kishimo, iwe yale magari makubwa ya vibro yanayoshusha bamba la chuma chini na kuitikisa ardhi, mtetemo unashuka, ukifika mahali mwamba unabadilika, yaani kasi ya mtetemo ndani yake au uzito wake umebadilika, sehemu ya mtetemo inarudi juu na geofoni, vile vifaa vidogo vya kusikiliza ardhi, zinaipokea. Kinachorudi ni mwangwi. Na mwangwi hautoki ndani ya tabaka, unatoka mpakani, pale tabaka moja linapoisha na lingine linapoanza. Tabaka la mchanga lina dari na lina sakafu, kwa hiyo linatoa miangwi miwili, mmoja wa dari unatangulia, mmoja wa sakafu unafuata. Ukiweza kuitenganisha hiyo miwili umepata unene. Ndo hiyo wanaita rezolushani ya wima, hakuna uchawi mwingine.

Sasa chukulia umesimama bondeni, mbele yako kuna vilima viwili, kimoja kiko nyuma ya kingine kidogo. Ukiita "we!" fupi, inarudi "we! we!", unajua viko viwili. Ukiita "weeeeeee" inarudi weeeeeee moja ndefu, ya kilima cha kwanza haijaisha ya pili imeshaanza, hujui kama ni kilima kimoja au viwili au vitatu. Shida yetu yote iko hapo. Sauti tunayopeleka chini sio "we!" kavu. Ni wimbi fupi lenye kichwa na mkia, linapanda linashuka linapanda tena, wenyewe tunaliita waveleti, na ile mistari myeusi na myeupe mjomba anayoiona ni kupanda na kushuka kwa hiyo waveleti, mweusi imepanda, mweupe imeshuka. Mpaka mmoja tu, ambao kihalisia hauna unene wowote, unaweza kukuchorea mstari mweusi mmoja mnene na mieupe miwili pembeni yake. Mtu asiyejua anahesabu tabaka tatu.

Hesabu yenyewe ya form two tu. Urefu wa wimbi ni kasi ugawe kwa frikwensi, yaani mitikisiko mingapi kwa sekunde, ndo hizo hezi. Karibu na juu, mwamba bado laini, kasi tuseme mita 2,000 kwa sekunde na frikwensi hezi 50, wimbi linakuwa na mita 40. Robo yake mita 10. Hiyo robo ndo kipimo chetu, tabaka jembamba kuliko robo ya wimbi dari na sakafu yake vinaanza kushikana. Mbona robo? Kwa sababu mwangwi wa sakafu unasafiri unene wa tabaka mara mbili, kushuka na kupanda, kwa hiyo robo kwenda na robo kurudi ni nusu wimbi nzima ya tofauti, na nusu wimbi ndo pale kichwa cha mmoja kinaanza kuangukia mkia wa mwingine. Wazo lenyewe la kizamani sana, Lord Rayleigh wa Uingereza mwaka 1879 alikuwa anahangaika na mwanga, vitu viwili vinavyowaka karibu karibu lini jicho livione viwili na lini livione kimoja. Alafu mwaka 1973 Widess akaandika kuhusu tabaka jembamba na kusema ukiwa na data safi unaweza kusukuma mpaka moja ya nane ya wimbi. Data safi. Aliyefanya kazi porini anajua hayo maneno mawili yana gharama gani.

Sasa shuka chini. Kilomita tatu, mwamba umebanwa, kasi imepanda mpaka mita 4,000, na frikwensi imeshuka mpaka hezi 20. Wimbi ni mita 200. Robo ni mita 50! Jengo la ghorofa kumi na tano, mjomba, na mimi naliona ni mstari mmoja tu. Ona vitu viwili vimenigeuka kwa wakati mmoja, kasi imepanda na frikwensi imeshuka, vyote vinarefusha wimbi.

Kasi kupanda inaeleweka, mwamba ukibanwa unakuwa mgumu. Frikwensi kwa nini ishuke? Hapa mjomba alinielewa haraka kuliko pote kwa sababu jirani kulikuwa na kigodoro siku hiyo. Nikamwambia sikiliza. Ukiwa mbali na vigodoro unasikia nini? Dum dum dum ya sabufa. Anayeimba singeli humsikii, kinanda hukisikii, vile vya juu vyote vimeliwa na kuta na miti na hewa njiani, inakufikia besi peke yake. Ardhi ndo hivyo hivyo. Kila mtetemo unavyopita, mwamba unameza kidogo, na vya juu vinatikisika mara nyingi zaidi kwa hiyo vinamezwa zaidi. Vibro tunaipigisha kuanzia tuseme hezi 8 mpaka 80, chini kwa mafuta na gesi zinarudi 15, 20, 35, hizo 80 ziliishia njiani, na zile chache zilizorudi zimezama kwenye kelele za upepo na mizizi ya miti na pikipiki iliyopita. Ukanda wa pwani kusini ule mchanga mkavu wa juu, jamani, ule unakula balaa, nimewahi kutandaza geofoni siku nzima juani, jioni tunaangalia data imelala kama uji.

Haya, aibu yangu. Nilikuwa mgeni ofisini, kampuni siitaji, nikapewa mstari wa 2D, yaani sekisheni moja ndefu, wa kilomita 12 na kuambiwa pima unene wa mchanga fulani kwenye kina cha kilomita mbili hivi. Kasi kwenye huo mchanga mita 3,000, frikwensi iliyotawala hezi 30. Nikapima kutoka katikati ya mstari mweusi mpaka katikati ya mweupe chini yake, milisekunde 17. Mbele kidogo, 17. Mbele tena, 16, 17. Nikafurahi kabisa, nikasema huu mchanga umetulia, haubadiliki, milisekunde 17 ni kwenda na kurudi kwa hiyo unagawa mbili, mara 3,000, kama mita 25. Nikaandika mita 25 kwa herufi nene, nikachora na ramani, rangi moja ya njano imejaa.

Wasomaji wa fani yangu mmeshaanza kucheka. Hezi 30 na mita 3,000 wimbi ni mita 100, robo ni 25. Yaani nilipima robo ya wimbi kilomita 12 nzima na kuiita mchanga.

Miezi kadhaa baadaye kisima kikachimbwa na logi zikaja, yaani vipimo vya kifaa kinachoshushwa ndani ya kisima. Logi inasoma kila sentimita 15 hivi, hiyo sasa ndo mafungu ya mjomba. Mchanga mita tano, udongo mita mbili, mchanga tena mita tatu. Mchanga peke yake nane kwa jumla. Kwenye kikao cha kupitia matokeo karatasi yangu ya njano ikawekwa ukutani pembeni ya logi, na bosi wetu, mama mmoja mpole ambaye upole wake unauma, akasema, "Kijana, huo mchanga wa Mungu gani unakuwa na unene ule ule kilomita 12? Mto ulikuwa unatumia rula?" Watu wakacheka nami nikacheka, unafanyaje.

Baada ya kikao akaniita mezani kwake na hilo ndo somo ambalo vyuoni tuliliandika kwenye daftari bila kulielewa. Alichora kabari, tabaka nene upande mmoja linapungua mpaka sifuri upande wa pili, kama kipande cha tikiti, alafu akaliingiza kwenye programu pamoja na waveleti ya hezi 30 na kuniambia angalia. Upande mnene, dari na sakafu ziko mbali, mistari miwili safi, ukipima muda unapata unene wa kweli. Unavyosogea kwenye wembamba inakaribiana, inakaribiana, ikifika kwenye robo inagoma kukaribiana zaidi. Tabaka linaendelea kupungua, mita 20, 15, 10, 5, lakini mistari kwenye picha inabaki na umbali ule ule wa milisekunde 16, 17. Picha haikuambii "sijui". Inakudanganya kwa kujiamini.

Kitu kinachobadilika ni nguvu. Pale kwenye robo mwangwi wa dari na wa sakafu vinasaidiana, mstari unawaka kuliko sehemu yoyote ya kabari, hiyo tunaita tyuningi, alafu chini ya hapo unafifia taratibu karibu sawa sawa na unene unavyopungua mpaka unapotea. Kwa hiyo chini ya robo ya wimbi unene haupo tena kwenye muda, umehamia kwenye nguvu. Ningepima mwanga wa ule mstari badala ya umbali wake ningeona ulikuwa unafifia kuelekea kwenye kisima, na ulikuwa unafifia kweli, nilienda kuangalia baadae, ulikuwa wazi kabisa ila nilikuwa nimeshapenda ile namba 17.

Na kuna mtego wa pili kwenye hilo hilo. Kila mtu akiona sehemu inawaka kwenye sekisheni anasema gesi hiyo. Mara nyingi kweli gesi inafanya mchanga uwake, inapunguza kasi na uzito kwa hiyo utofauti na udongo wa juu unakuwa mkubwa, lakini inawezekana pia tabaka limepatia tu ile robo. Mchanga wenye maji na unene wa tyuningi unaweza kung'aa kuliko mchanga wenye gesi ambao ni mwembamba au ni mnene zaidi. Sio ung'avu wote ni pesa.

Turudi kwa yule mama. Akafanya kitu cha mwisho siku ile, akachukua logi ya kisima, ile yenye kila sentimita 15, akaanza kuichuja. Kwanza akaiacha mpaka hezi 200, udongo wa mita mbili katikati bado unaonekana kama kidonda kidogo. Hezi 100, umekuwa doa. Hezi 60, mchanga mmoja. Hezi 30, mchanga wenyewe ni kibonge kimoja laini kilichovimba juu na chini kupita unene wake. Nilikaa naangalia mita nane zangu zinavimba kuwa ishirini na tano. Mpaka leo mtu mpya akija ofisini namfanyia hilo zoezi kabla hajagusa sekisheni yoyote.

Sasa kuna watu wananiuliza, mbona msiongeze tu sampuli? Rekodi kila milisekunde 1 badala ya 4? Hapana. Milisekunde 4 inabeba mpaka hezi 125, milisekunde 2 mpaka 250, na ardhi inakurudishia 40. Ni sawa na kununua simu ya megapikseli nyingi alafu lenzi imepakwa mafuta ya nazi. Wengine wanasema basi chuja besi utoe, ubaki na vya juu tu. Hapo nilikosea hata mimi. Ukitoa besi waveleti inakuwa na kichwa chembamba lakini mkia unakuwa mrefu, unapandisha na kushusha mara nyingi, na kila mkia unachora mistari ya uongo pembeni. Unataka upana, besi na vya juu pamoja, hezi 10 mpaka 40 ni oktava mbili (kila oktava frikwensi inakuwa mara mbili), 10 mpaka 80 ni tatu, na ile oktava ya tatu unailipia kwa jasho. Ndo maana siku hizi vibro zinahangaika kushuka mpaka hezi 3, 2, sio kupanda tu. Kazi ya kuifupisha waveleti kwenye kompyuta, dikonvolusheni, ilianzia chuo cha MIT Marekani miaka ya 1950, Enders Robinson alimaliza shahada yake ya udaktari 1954 juu ya hilo, na inasaidia sana, ila frikwensi ambayo haikurudi hairudishwi na programu. Itakuongezea kelele na utadhani ni tabaka.

Baharini kuna jambo ambalo linashangaza watu. Huku kwetu Songo Songo gesi ilipatikana 1974 na Mnazi Bay 1982, alafu kuanzia 2010 ndo ikaja ya bahari kuu, visima vya Pweza, Chaza, na Zafarani ya 2012 ambayo maji peke yake ni zaidi ya mita 2,500. Mtu anafikiri chini ya maji yote hayo picha itakuwa mbovu zaidi. Lakini maji hayali frikwensi za mitetemo, yaani yanakula kidogo sana hata usihesabu, na matope ya chini ya bahari ni laini, kasi ndogo, wimbi fupi. Kwa hiyo tabaka lenye kilomita moja ya maji na kilomita moja ya mwamba juu yake mara nyingi unaliona vizuri kuliko lenye kilomita mbili za mwamba mtupu nchi kavu. Kinachokusumbua kule ni uso wa bahari wenyewe, ni kioo, mwangwi unapanda unaugonga unarudi tena kwenye waya, ule wa vipokezi unaovutwa nyuma ya meli, umegeuzwa kichwa chini. Tunaita mzimu. Waya ukiuvuta kwenye kina cha mita 7.5 mzimu unaua hezi 100, ukiushusha mita 25 ukwepe mawimbi ya juu, unaua hezi 30, ambayo ndo chakula chenyewe. Mabaharia wanataka waya uende chini utulie, wewe unataka uwe juu, mnagombana kwa adabu kwenye redio.

Mjomba alisikiliza yote haya, ya mzimu aliyapenda. Kwenye sheli alinikatiza, nilipomwambia juu ya mchanga wa gesi kwa kawaida pana sheli ya kuifunika akasema sheli huko chini wanamjazia nani mafuta, ikabidi nianze upya kwamba ni udongo wa mfinyanzi uliobanwa mpaka ukawa jiwe. Alafu akauliza swali la mtu wa kazi: "Sasa hiyo yenu inaweza kuniambia mimi maji yako mita ngapi?"

Nikamwambia inaweza kidogo, ila sio hii. Kwa mita 30 huhitaji vibro, unahitaji nyundo ya kilo nane, bamba la chuma, na geofoni 24 kwenye waya mmoja, na wala hutafuti mwangwi, unatafuta mtetemo uliotambaa mpakani, maana mchanga mkavu kasi ni mita mia tatu mia nne tu, ukifika kwenye maji inaruka mpaka 1,500 na zaidi, mruko huo unaonekana hata kwa mtu asiye na miwani. Lakini mchanga wa mita mbili chini ya hapo sitauona mjomba, huo utauona mwenyewe kwenye mafungu.

Akafikiria. "Nani anapiga nyundo?"

Nikasema mimi. Tumekubaliana mwezi ujao nikishuka Lindi, geofoni nitaazima, dizeli ya kwenda na kurudi anasema niweke mimi kwa sababu ni utafiti.